Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya nyaraka na utamaduni: fungueni daftari za watumwa kwa vitukuu vyao

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Nawaandikia nyinyi mliokabidhiwa nyaraka, makumbusho, mambo ya kale na sanaa. Wa Visiwani kwanza kwa kuwa ndiko kwetu, na wenzenu wa Bara pia kwa kuwa njia ya misafara haikuanzia baharini. Ombi langu naliweka juu kabisa ili msomaji mwenye haraka asilikose: daftari za watumwa walioachwa huru zifunguliwe kwa familia zao, kwa Kiswahili na bila ya nenda-rudi, na wasanii wa hapa nyumbani wapewe nafasi na fungu la kuzifanyia kazi. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu.

Mimi ni mshonaji. Natia nakshi kwenye kaniki. Wenye umri wangu wanakijua kitambaa hicho, buluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, vazi la watu wa shamba na la vijakazi wa mjini. Utumwa ulipofutwa, wanawake walioachwa huru waliiweka kando kaniki wakajifunga kanga za maua na rangi, na wengi hawakutaka hata kuiona tena ndani ya nyumba zao. Mimi nimeirudia. Nashona juu yake kwa uzi mweupe majina, njia, mikarafuu, majahazi. Kila kipande ni mtu mmoja wa ukoo wetu, na vipo vipande ambavyo mahala pa jina pako wazi.

Kazi hii ilianza na mama yake bibi yangu. Aliletwa Unguja akiwa mtoto, kutoka upande wa Nyasa, na mpaka anakufa watu walimwita Mnyasa. Jina alilopewa huku lilikuwa la furaha, kama yalivyokuwa majina mengi waliyopewa watumwa: Faida, Bahati, Tabasamu, Baraka, Mabruki. Lake silitaji hapa. Wazee wangu wameniomba nisiliandike gazetini wala mtandaoni, nami nimewaridhia. Jina alilokuja nalo kutoka kwao hakuna hata mmoja kati yetu anayelijua.

Alikaa kwanza kwenye shamba la mikarafuu, kisha akachukuliwa nyumbani kwa bwana wake akawa suria, akamzalia watoto. Kwa sheria ya Kiislamu watoto hao walikuwa huru, na warithi sawa na ndugu zao wa upande wa mke. Kwa hivyo mimi ni kitukuu wa mtu aliyenunuliwa, na hapo hapo ni kitukuu wa mtu aliyemnunua. Wako wengi mjini petu walio kama mimi. Ila ukiingia majumbani mwao utakuta nusu moja ya ukoo imetundikwa ukutani kwenye fremu, na nusu nyengine inasemwa kwa kunong'ona, watoto wakishatolewa nje.

Nilipoanza kuuliza, shangazi yangu mmoja aliniambia, "Mwanangu, unatufukulia nini? Waliokufa wamekufa huru." Sikumlaumu. Amekulia zama ambazo kuambiwa asili yako kulitosha kuvunja posa. Ndugu mwengine alinipigia methali: mwacha asili ni mtumwa. Nikamwambia methali hiyo inamlaumu aliyeacha. Aliyeachishwa kwa kamba shingoni haimsemi kabisa. Alicheka, akanitajia majina mawili ambayo alikuwa hajapata kuyatamka mbele yangu. Katika ofisi moja ambayo siitaji, nilipoeleza kwamba natafuta habari za wazee wangu, swali la kwanza lilikuwa, "Una kesi ya shamba?" Nikajibu sina. Nikaulizwa sasa nazitakia nini. Naona swali lile lilikuwa la haki, na ndilo najaribu kulijibu hapa kwa kirefu.

Waheshimiwa, mnajua kuliko mimi jinsi utumwa ulivyomalizika huku: vipande vipande, kila kipande na karatasi yake. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini. Soko la Mkunazini likafungwa, lakini utumwa wenyewe ukabaki halali. Kule Mangapwani kikajengwa chumba cha chini ya ardhi cha kuwafichia watu ambao biashara yao ilishapigwa marufuku. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi, na watu waliotolewa humo waliandikishwa na kupewa hati za uhuru. Wengine walipelekwa kwenye misheni, Mbweni na Kiungani, kama vile Bagamoyo walivyopelekwa kwa mapadri waliofungua misheni yao mwaka 1868, na Mombasa wakapelekwa Freretown. Ilipofika tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud alitoa amri iliyoondoa hali ya utumwa kisheria.

Amri hiyo haikumwachia huru mtu aliyekaa kitako nyumbani. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani aombe uhuru wake, na aonyeshe kwamba ana pa kukaa na ana njia ya kujikimu. Fidia ililipwa, na mpokeaji alikuwa bwana. Aliyechumishwa karafuu maisha yake yote hakupewa hata pesa moja.

Lakini mahali palipolipwa fedha huwa pana daftari. Serikali ilitaka kujua inalipa nani kwa ajili ya nani, na kwa uchoyo huo wa kihasibu tukabakiziwa majina. Aliyeandika alikuwa anahesabu hasara ya bwana, bila ya kujua kwamba anawaandikia vitukuu vya mtumwa. Karatasi za zama hizo zimehifadhiwa kwenye Nyaraka pale Kilimani. Wanavyuoni kutoka vyuo vya mbali wamezisoma, wakaandika vitabu vizuri, nami nimefaidika navyo pale nilipovipata na Kiingereza changu kilipotosha. Jirani zangu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, hawajafaidika, na Ng'ambo ndiko walikojenga vibanda vyao wengi wa hao walioachwa huru.

Daftari hizo zina pengo moja kubwa. Amri ya 1897 iliwaacha nje masuria. Wao mlango wao wa kisheria haukufunguliwa mpaka mwaka 1909. Ndiyo kusema mama yake bibi yangu, na wanawake wengine wa hali yake, kwa miaka kumi na zaidi hawakuwa na daftari la kuingia. Mtu anayetafuta upande wa kikeni atafika mahali karatasi itamwishia mkononi. Kuanzia hapo kilichobaki ni namna alivyopika, nyimbo alizobembelezea watoto, ngoma ya msondo ya unyagoni iliyovuka bahari kutoka bara pamoja na watu, na pengine kisa kimoja kinachosimuliwa na watu watatu kwa namna tatu. Mwanahistoria atasitasita kuyaandika hayo kama ushahidi, na ana haki. Msanii anaweza kuyachukua yote hayo akayaweka pamoja kwenye kitambaa kimoja, na akaliacha pengo lionekane kuwa ni pengo.

Ndiyo maana naomba sanaa iingie chumba cha nyaraka kwa mlango wa mbele.

Nenda pale Mkunazini, kwenye uwanja wa kanisa lililojengwa juu ya soko. Kuna shimo la mraba, ndani yake watu watano wa saruji wenye minyororo shingoni. Aliyewatengeneza mwaka 1998 ni msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs. Ni kazi nzito na sitaki iguswe. Nimeona watu wazima wakisimama pale wakashindwa kuendelea na mazungumzo yao. Lakini watu wale watano hawana majina. Msanii mgeni angeyatoa wapi? Sisi ndio tuliokuwa nayo kwenye makabati.

Sasa mtazameni mwenzake. Lubaina Himid alizaliwa hapa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga. Mwaka 2004 alitengeneza watu mia moja wa mbao, wa kimo cha mtu, akawapaka rangi za sherehe. Wote ni watumwa wa Kiafrika katika majumba ya wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, wachora ramani, washona viatu, wafunza mbwa. Kila mmoja ana maandishi yake mgongoni, yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mahesabu, na humo anataja jina lake la asili, jina analoitwa na wenye nyumba, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na anayofanyishwa sasa, na kitu kimoja ambacho hawakuweza kumnyang'anya. Mwaka 2017 msanii huyu alipata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Watu wake mia moja wamo katika hazina ya makumbusho ya utumwa ya Liverpool, mji uliotajirishwa na meli za watumwa.

Sisemi warudishwe, si mali yetu. Nasema hata kumi tu wangeazimwa kwa msimu mmoja wakasimama Ng'ambo, watoto wetu wangeona kwamba jambo hili linaweza kufanywa na mtu aliyezaliwa kwenye kisiwa hiki. Hilo ni la kuandikiana barua makumbusho na makumbusho, na barua hiyo mimi siwezi kuiandika. Nyinyi mnaweza.

Na msije mkaniambia kwamba kuifanyia sanaa asili ya utumwa ni mambo ya Ulaya. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, na inasimuliwa kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alikuja mjini akiuza vyungu. Walipomsikia anaimba wapo waliomkejeli kwa kaniki aliyotoka nayo shamba, kejeli ambayo mpaka leo wazee wanaijua kwa moyo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaingia majumba yale yale ambayo watu wa asili yake waliingilia jikoni. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Tunamsifu kila mwaka kwa taarabu yake, tukiruka ukurasa wa kwanza wa maisha yake kama kwamba hauhusiki na uimbaji wake. Mimi naona unahusika sana.

Najua mnachokihofia, na sikidharau. Wakati wa Zama za Siasa, miaka ya ushindani wa vyama kabla ya Mapinduzi, utumwa ulitajwa majukwaani kila siku, na shabaha ilikuwa kuwachukiza walio hai dhidi ya walio hai, huku waliouzwa wenyewe wakibaki bila ya majina. Mwaka 1964, katika Mapinduzi, watu walikufa, na katika nyumba nyingi msiba huo haujaisha. Mtu mwenye dhamana akiisikia habari ya kufungua daftari zenye majina ya mabwana, lazima ajiulize fitna itaanzia wapi.

Jibu langu ni kwamba daftari lililofungwa limewanufaisha wachochezi peke yao. Mtu asiyejua chochote huambiwa lolote. Ukoo wangu ukiusoma kwa ukweli huwezi kuugawa mafungu mawili ya wabaya na wema, kwa sababu damu yenyewe imekataa kugawanyika. Na wala biashara ile haikuwa ya kabila moja. Miongoni mwa waliokamata walikuwamo machifu wa bara waliouza majirani zao. Waliobeba na kununua walikuwa Waarabu na Waswahili. Wakopeshaji wa misafara wengi walikuwa matajiri wa Kihindi. Na pembe za ndovu zilizobebwa mabegani mpaka pwani zilisafirishwa mpaka Connecticut, Marekani, zikakatwa vibao vya piano. Hayo yote yana karatasi. Mtu akiyaona kwa pamoja, ni vigumu kumpa jirani yake wa leo mzigo wote.

Kunyamaza pia kumezaa uzushi wa namna nyengine, huu wa kitalii. Wageni huteremshwa Mkunazini kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wakaambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa kungojea siku ya mnada. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba vyumba vile vilijengwa baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya hospitali ya misheni. Waongozaji watalii siwalaumu, maana nao wanasimulia walichosimuliwa. Lakini mama yake bibi yangu sitaki akumbukwe kwa kisa cha kubuni, hata kiwe na nia njema namna gani, wakati visa vya kweli vipo. Wavulana wa Kiungani waliandika wenyewe jinsi walivyokamatwa na kuuzwa mpaka wakafika Unguja. Maandishi yao yalifasiriwa na mmisionari A. C. Madan, yakachapishwa kwa Kiingereza Uingereza mwaka 1887. Ni watoto hao, kwa maneno yao. Mtoto wa skuli wa Unguja angeyasikia lini?

Basi nifafanue ninachoomba, kwa sababu ombi la jumla hujibiwa kwa ahadi ya jumla.

Majina kwanza. Daftari za ukombozi, za fidia na za waliotolewa majahazini zipigwe picha, na kila picha iambatane na maandishi yanayosomeka, kwa Kiswahili. Mtu aweze kutafuta kwa jina, kwa shamba, kwa kabila lililoandikwa. Jina la bwana libaki. Kulifuta ni kudanganya upya, na mara nyingi ndilo jina pekee ambalo familia bado inalikumbuka, kwa hiyo ndilo litakalowafikisha kwa mtu wao. Na hili lisingoje bajeti nono. Tarehe 25 Disemba 2020 tuliona Beit al-Ajaib, jumba la mawe, likiporomoka mchana kweupe na roho za watu zikipotea. Karatasi haina nguvu za jumba la mawe.

Pili, awepo mtu wa kukaa na anayetafuta. Namaanisha mtu, kiti na gilasi ya maji. Mzee wa miaka sabini akimkuta bibi yake kwenye mstari mmoja, amewekwa baina ya kabila lake na fedha alizolipiwa, asiachwe peke yake na mstari ule. Na kama ukoo hautaki jina lao litumiwe kwenye maonyesho, wasikilizwe. Mimi nimewasikiliza wazee wangu na kazi yangu haikuharibika kwa hilo.

Tatu, wasanii. Kila mwaka wachache waingizwe humo ndani kwa ujira wa kueleweka, na wasiwe wachoraji tu wa turubai. Nawataka wachonga milango, wafinyanzi, watunzi wa tenzi, wapiga msondo, mashoga zangu wa nakshi. Wakae na mtunza nyaraka miezi kadhaa, kila mmoja amtumikie mwenzake. Kazi zikikamilika zionyeshwe kwanza Ng'ambo, Makunduchi, Wete na Mkoani, kwa Kiswahili, bila ya kiingilio. Zikishaonekana na wenyewe ndipo ziende mahotelini na ng'ambo ya bahari zikauzwe kwa bei yoyote inayopatikana, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, maana uzi haununuliwi kwa machozi.

Kwa wenzetu wa Bara nina machache. Nyinyi mna karatasi za utawala wa Kijerumani, zilizoingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya kumbukumbu za dunia, zilizoandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Mna Bagamoyo, ambako misafara iliteremsha mizigo, na pale pale mna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, inayofundisha vijana ngoma, uchongaji na maigizo. Mna Ujiji na Wamanyema wake, watu ambao asili yao ni mashariki ya Kongo. Njia nzima kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo ilipelekwa UNESCO mwaka 2006 kwenye orodha ya kungojea urithi wa dunia. Huko kwenu utumwa uliendelea kuwa na hali ya kisheria mpaka mwaka 1922, muda mrefu kuliko kwetu, na hilo watu wengi hushtuka wakiambiwa. Kijana wa Bagamoyo anayecheza jukwaani kisa cha mpagazi angecheza vyengine kama angelijua jina moja la kweli.

Fedha najua mtaniuliza. Mgeni anayeingia sehemu za kumbukumbu ya utumwa hulipa kiingilio, na wengi huja kisiwani wakiwa tayari wamepanga kuziona. Sehemu ya kiingilio hicho katika maeneo yaliyo chini yenu itengwe kwa kazi hii, na hesabu yake ibandikwe ukutani. Watu wale walishauzwa mara moja.

Nikiitwa nitakuja, na kaniki zangu nitakuja nazo. Ila naomba nisialikwe kwenye uzinduzi, mkutano wa wadau wala warsha yenye mabegi na kofia kabla daftari la kwanza halijafunguliwa mezani.

Wenu katika kazi,

Mshonaji wa kaniki,
Ng'ambo, Unguja